Kwa Nini Stockfish Haimo Kwenye Orodha ya Mabingwa wa Dunia

Jumamosi iliyopita, kwenye klabu ya sataranji ninayofundisha hapa South B, kijana wa kidato cha pili alinijia na simu mkononi. Alikuwa amepata orodha ya mabingwa wa dunia wa sataranji ya kompyuta, yaani injini, programu zinazocheza sataranji zenyewe, kuanzia 1974 hadi 2024. "Kocha," akaniambia, "nimesoma majina yote. Kaissa ipo, Fritz ipo, Shredder ipo, Junior ipo, Komodo ipo. Stockfish haipo hata mara moja. Na si wewe ulituambia ndiyo kali kuliko zote? Ama ilikuwa inaogopa?"

Saa za raundi ya tatu zilikuwa zimekwisha kuwashwa, kwa hiyo nilimjibu kwa sentensi moja nikamrudisha mezani. Haikumtosha, na mimi pia haikunitosha. Naandika injini yangu mwenyewe ya sataranji, mwaka wa tisa huu, na haijawahi kukanyaga kwenye ubingwa huo. Swali lake lilinigusa.

Ubingwa wa dunia ulikuwa, kwanza kabisa, mkutano wa watu. Ulianzia Stockholm mwaka wa 1974, programu 13 zikashiriki, na Kaissa kutoka Umoja wa Kisovyeti ikashinda. Kaissa yenyewe haikusafiri: kompyuta iliyokuwa ikifikiri ilibaki Moscow, na hatua zake zikawa zinapokelewa kwa simu. Lakini mtu alihitajika ukumbini, na utaratibu huo ulidumu kwa miongo. Mbele ya kila programu aliketi mwandishi wake au mtu aliyemtuma, akasogeza kete kwenye ubao wa mbao, akabonyeza saa, akaandika hatua ya mpinzani kwenye kibodi. Ulifika wakati ambapo simu ya kawaida ina injini ya kumchapa bingwa wa dunia wa binadamu, na bado watu walitakiwa kupanda ndege kwenda kusogeza kete kwa niaba ya mashine.

Miaka kadhaa iliyopita nilipiga hesabu ya kwenda kwenye mashindano ya namna hiyo Ulaya. Tiketi, ada ya kujiandikisha, hoteli ya wiki nzima, viza. Nikakusanya taarifa za benki, barua ya mwajiri, barua ya mwaliko. Tarehe ya miadi ya viza ilipotoka, ilikuwa baada ya raundi ya kwanza. Hata bila hilo, nauli peke yake ilizidi bei ya kompyuta zangu mbili nilizonunua Luthuli Avenue. Nikaachana na safari, nikaongeza kompyuta ya tatu. Mpaka leo naamini nilifanya sawa, na sababu yake nataka niieleze polepole, maana hapo ndipo penye uzito wa jambo lote.

Chukua injini mbili, moja inaizidi nyingine kwa alama 100 za Elo, kipimo cha nguvu ya mchezaji. Hiyo ni tofauti kubwa. Sisi wenye injini ndogo tunaweza kufanya kazi mwaka mzima tusiipate. Kwa kanuni ya Elo, ile yenye nguvu inatarajiwa kuchukua asilimia 64 ya pointi. Sasa ziweke kwenye mashindano ya raundi 9. Tukichukulia kwamba nusu ya michezo huisha sare, bahati peke yake inaweza kuyumbisha matokeo ya michezo 9 kwa zaidi ya alama 150 za Elo, juu au chini. Yaani kosa la kipimo ni kubwa kuliko kile unachokipima. Ni sawa na kupima sukari ya chai kwa mizani ya magunia ya viazi kule Marikiti.

Na siku hizi hatutafuti alama 100. Nikibadilisha jinsi injini yangu inavyomthamini askari asiye na mpinzani wa kumzuia njiani, nikapata alama 5, nalala nikiwa na furaha. Alama 5 maana yake ni asilimia 50.7 dhidi ya 49.3. Tofauti hiyo huwezi kuiona kwa macho, hata ukitazama michezo 100 ukiwa na kahawa na daftari. Kwa michezo 1,000 kosa la kipimo bado ni kama alama 15 kila upande. Ukifika 10,000 linashuka hadi kama alama 5, na hapo ndipo unaanza kuthubutu kusema kitu.

Kwa hiyo kazi yetu hasa hufanyika usiku. Kila upande naupa sekunde 10 kwa mchezo mzima, na nyongeza ya sehemu ya kumi ya sekunde kwa kila hatua. Mchezo mmoja unamalizika kwa karibu nusu dakika. Kompyuta moja inaendesha michezo 4 kwa pamoja, toleo jipya la injini yangu dhidi ya toleo la jana, rangi zikibadilishana. Nikiwasha saa mbili usiku, saa kumi na mbili asubuhi nakuta kama michezo 4,800 kwenye kompyuta hiyo moja. Kuna usiku stima ilipotea saa tisa nikapoteza michezo yote, kwa sababu nilikuwa nahifadhi matokeo mwishoni tu. Tangu hapo kila mchezo huandikwa kwenye faili mara tu unapoisha. Kijana yeyote anayeanza kazi hii Nairobi, naomba aanze na hilo kabla hata ya kuandika jinsi farasi anavyoruka.

Stockfish inafanya jambo hilihili kwa ukubwa ambao mimi siwezi kuukaribia. Tangu 2013 ina mfumo uitwao Fishtest, ulioanzishwa na Gary Linscott, ambamo watu wa kujitolea kutoka kila pembe huazimisha prosesa za kompyuta zao. Mtu akipendekeza badiliko, hata la mstari mmoja, linachezewa maelfu ya michezo, mara nyingi makumi ya maelfu, na jaribio linasimama lenyewe pale ushahidi unapotosha wa kulikubali au kulikataa. Hakuna anayepitisha badiliko kwa sababu ya sifa yake. Mtu aliyezoea ushahidi wa aina hiyo ukimwambia aje apimwe kwa raundi 9, unamwomba aache kipimo kizuri ashike kibovu, tena kwa gharama yake. Kwangu hii ndiyo sababu ya kwanza, na nyingine zote zinakuja nyuma yake.

Inayoifuata ni swali ambalo kijana wangu hakulifikiria: Stockfish ni ya nani? Ilizaliwa mwaka wa 2008 pale Marco Costalba alipoichukua Glaurung, injini huria ya Tord Romstad, akaanza kuiendeleza, na Joona Kiiski akawa nao. Leo waliochangia msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, ni mamia. Kanuni za ubingwa wa dunia zilitaka kila programu iwe kazi asilia ya wanaoiandikisha, na kama ndani yake kuna msimbo wa mtu mwingine, atajwe. Kanuni hiyo inafaa kabisa kwa programu yenye mwandishi mmoja au wawili na kijana wa kuwasaidia. Kwa kazi ya mamia ya watu ambao wengi hawajawahi kuonana ana kwa ana, nani aketi mezani? Nani alipe ada? Swali la ufunguzi, yaani hatua za mwanzo wa mchezo, likizuka katikati ya raundi, nani ana mamlaka ya kuamua? Kwa kadiri ninavyoielewa kazi yao, hakukuwa na mtu aliyekaa akasema tunasusia. Ni kwamba hakukuwa na mtu mmoja wa kuamka na kufunga safari.

Kanuni hiyo ya uasilia pia ina historia yenye maumivu. Mwaka wa 2005 Fabien Letouzey, Mfaransa, aliachia injini yake Fruit 2.1 kwa GPL, leseni ya programu huria, na kila mmoja wetu akaisoma. Mimi nilijifunzia humo, miaka baadaye. Msimbo ulikuwa safi kama somo la darasani. Kisha ikaja Rybka ya Vasik Rajlich, ikatwaa ubingwa wa dunia mara nne mfululizo, 2007 hadi 2010. Juni 2011 ICGA, chama kilichosimamia ubingwa huo, kikaamua kwamba Rybka ilichukua kutoka Fruit na injini nyingine, Crafty, bila kusema. Kikafuta mataji yote manne na kumfungia Rajlich maisha. Yeye alikana. Mwaka wa 2015 tume ya maadili ya FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, ililaumu ICGA kwa adhabu hiyo ya maisha.

Msimamo wangu ni huu. Kudai kuona msimbo wa bingwa ni haki, maana aliyeiachia kazi yake bure anastahili angalau kutajwa. Kumfungia mtu maisha kulipita kiasi. Lakini ukiacha nani alikuwa sahihi, mwandishi yeyote anayeuza injini alipata somo: ukiingia pale, siku moja mshindani wako anaweza kuketi upande wa wale wanaokagua kazi yako. Mtu mwenye siri ya biashara anapima hilo. Na mtu asiye na siri, kama mimi, anapima pia, kwa sababu mawazo ya sataranji ya kompyuta yamezunguka kwa mikono mingi kiasi kwamba mpaka kati ya kujifunza na kunakili unahitaji uangalifu. Kwenye faili zangu nimeandika juu ya kila wazo nililipata wapi. Nashauri kila mtu afanye hivyo.

Mashine zenyewe nazo hazikuwa sawa. Kwa muda mrefu ulileta kompyuta yoyote uliyoweza. Mwaka wa 2009 iliwekwa kikomo cha viini 8 vya prosesa, yaani sehemu zake zinazokokotoa kwa wakati mmoja, kikaondolewa mwaka uliofuata, na yakaanzishwa mashindano ya pembeni ambayo kila programu ilipewa kompyuta sawa. Lakini taji kubwa liliendelea kuruhusu kila kitu: mwaka wa 2015, mjini Leiden, Jonny ilishinda ikiendeshwa kwenye viini 2,400. Mwenye laptopu anaweza kwenda kujifunza pale, ila asijidanganye kwamba ubora wa msimbo wake ndio utakaopimwa.

Halafu kuna wale ambao wakishindwa wanapoteza zaidi ya wanachopata wakishinda. Pale steji ya mtaani kwetu kuna mzee anayecheza drafti kwa vifuniko vya soda, na wote wanaojua drafti kutoka Mukuru hadi Nairobi West wanajua kwamba ndiye fundi. Akiingia mashindano akashinda, hakuna atakayeshangaa. Akishindwa na kijana, habari itafika nyumbani kabla yake. Kampuni kubwa zinapiga hesabu hiyo hiyo. Mwaka wa 1995, kule Hong Kong, IBM iliingiza mfano wa awali wa Deep Blue, mashine yake ya sataranji. Mashindano yalikuwa ya raundi 5 tu. Fritz, ikiendeshwa kwenye Pentium ya 90 MHz ambayo mtu angeweza kununua dukani, iliifunga mashine hiyo na kuondoka na taji. Mwaka uliofuata Deep Blue ilicheza na Kasparov, bingwa wa dunia wa binadamu, Philadelphia ikashindwa 4–2, na Mei 1997, New York, ikamshinda 3.5–2.5. Baada ya hapo haikucheza tena na mtu wala na mashine. Sidai kujua yaliyosemwa ndani ya ofisi zao, lakini mimi ningekuwa na mashine iliyomshinda Kasparov, nisingeipeleka kwenye raundi 5 za bahati.

AlphaZero, programu ya DeepMind, kampuni ya Google, ilikwenda mbali zaidi: haikuingia mashindano ya aina yoyote. Desemba 2017 DeepMind walichapisha matokeo ya michezo 100 dhidi ya Stockfish 8: ushindi 28, sare 72, bila kushindwa. Iliendeshwa kwenye prosesa maalumu za Google ambazo hakuna mwandaa mashindano angeweza kuzitoa kwa wote, na programu yenyewe haikutolewa kwa umma. Wengi wetu tulikasirika. Stockfish ilikuwa imepewa kumbukumbu ndogo kwa mashine kubwa kama ile, na dakika moja kwa kila hatua, jambo lililoinyima nafasi ya kupanga muda wake. Hata ripoti yao kamili ya 2018, yenye michezo 1,000 na masharti bora zaidi, bado waliandaa wenyewe. Hapa ndipo naona kutokuja kunaacha deni. Walitupa wazo kubwa kuliko yote ya miaka hiyo, na ilibidi kundi la watu wa kujitolea waanzishe Leela Chess Zero mwaka wa 2018 ili wazo hilo liweze kuketi mbele ya wengine na kupimwa hadharani.

Na Leela ilipimwa wapi? Kwenye TCEC, mashindano ambayo Martin Thoresen aliyaanzisha mwaka wa 2010. Humo hakuna anayesafiri. Mwandishi anatuma programu yake, mwandaaji anaiendesha kwenye mashine yake, na kila mchezo unarushwa moja kwa moja mtandaoni mchana na usiku. Fainali kuu ni michezo 100. Funguzi zinachaguliwa na waandaaji, nyingi zikiwa zimeinama upande mmoja kwa makusudi ili sare zipungue, na kila ufunguzi unachezwa mara mbili kwa kubadilishana rangi. Mmoja wa waliozichagua ni Jeroen Noomen, ambaye zamani ndiye aliyemtayarishia Rybka kitabu cha ufunguzi, silaha ya siri ya mashindano ya zamani. Nikimfikiria yeye naona mabadiliko yote ya mchezo huu ndani ya mtu mmoja. Ujuzi uliokuwa ukifichwa kwa ajili ya timu moja sasa unaandaliwa kwa haki ya pande zote mbili. Na hapo Stockfish ipo. Imeshinda msimu baada ya msimu. Nilimwonyesha kijana wangu orodha hiyo kwa simu yake mwenyewe.

Hata huko wapo wasioingia. Nafasi ni chache, na injini inayofanana mno na nyingine haitakiwi. Inayoanguka mara kwa mara katikati ya mchezo huondolewa, na waandishi wengine hawataki faili yao ikae kwenye mashine ya mtu mwingine. Injini yangu haijafikia kiwango hicho. Iko kwenye orodha za wapimaji wa kujitolea, wale wanaopakua injini yoyote inayozungumza itifaki ya UCI, lugha ya amri ya kuendeshea injini, na kuichezesha na majirani zake, na hilo linanitosha kwa kupima nguvu.

Halinitoshi kwa jambo lingine. Kule Stockholm 1974, Kaissa na Chess 4.0 ya Wamarekani hazikukutana ndani ya raundi. Watu wa pande mbili za Vita Baridi wakakubaliana kuzichezesha mashindano yalipokwisha, na mchezo ukaisha sare. Timu zote mbili zilikuwa zimegundua, kila moja kwao, wazo lilelile: kuiwakilisha miraba yote 64 ya ubao kwa namba ya biti 64, biti moja kwa kila mraba, namba moja kwa kila aina ya kete, ili kompyuta iweze kuuliza kuhusu ubao mzima kwa hesabu moja. Wazo hilo limo ndani ya injini yangu na karibu kila injini unayoijua. Nafikiria jioni ile, watu wawili wanagundua kwamba walifikiri sawa bila kuonana. Jaribio la michezo 40,000 haliwezi kukupa hilo. Nimejifunza mengi kutoka kwa faili za matokeo, lakini miaka tisa sijawahi kuketi meza moja na mtu aliyeandika injini, tukafungua michezo yetu, nikamuuliza kwa nini yake ilimwacha ngome wake pale.

Ubingwa wa dunia ulichezwa mara ya mwisho mwaka wa 2024, Santiago de Compostela, miaka 50 tangu Stockholm. Sasa siwezi tena kwenda hata nikipata viza.

Kwa hiyo klabuni tumepanga hivi. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, kuanzia saa nne asubuhi, vijana watatu waliokwisha kuandika injini zao, kijana wa kidato cha pili akiwa mmoja wao, watazishindanisha, baada ya kuzileta kwenye flashi Ijumaa. Kompyuta ni moja, yangu, viini sawa kwa wote. Funguzi tutazipigia kura mbele ya kila mtu na kila moja itachezwa mara mbili. Kwa kuwa mchana mmoja hautoshi kupima, michezo 4,000 itachezwa usiku wa kuamkia Jumamosi na matokeo yatasomwa asubuhi. Jumamosi yenyewe tutacheza michezo minne tu, polepole, kwenye ubao wa mbao, kila mwandishi akiwa ameketi na kusogeza kete za injini yake na kueleza anachoona. Kama una injini yako na unaishi karibu, hata kama bado inasahau kufanya kasri, ilete. Ihakikishe tu inajibu amri za UCI, na njoo na msimbo uliochapishwa wa sehemu moja unayoipenda.